Shati Nililolifua Bila Kuuliza

Sogeeni, wanangu, na anayetaka kulia alie kimyakimya, maana pumzi iliyobaki ni ya kusemea, si ya kushindana na kelele. Binti yangu wa kwanza, kaa hapa kichwani. Wewe fundi umeme acha kuikodolea macho taa, imekufa kabla yangu. Na wewe kitinda mimba nipe mkono, kwa kuwa mengi ya maneno haya ni yako.

Nyumba ni yenu watatu, isiuzwe wakati hata mmoja wenu hana pa kulala. Pasi za mkaa na beseni kubwa achukue binti yangu, ingawa najua hapendi hata kuvitazama. Jirani mshonaji, ambaye hatujasalimiana miaka ishirini kwa sababu aliniita mchawi mbele ya wateja, mwambieni nimemsamehe, na mwambieni pia kwamba hakukosea sana.

Sikuwa dobi kama madobi wengine. Mikono hii niliirithi kwa bibi mzaa mama: nikiloweka nguo ya mtu aliyefiwa, huzuni yake hutoka pamoja na uchafu, na akiivaa tena anapata usingizi. Lakini huzuni hung'oka na mzizi wake, na mzizi wake ni yule unayemlilia. Ndiyo maana bibi alinifundisha kumuuliza mwenye nguo mara tatu, "Uko tayari kumsahau?", na wengi wakifika swali la tatu walikusanya nguo zao chafu wakarudi nazo nyumbani. Waliokubali niliwafulia, na maji ya kwanza nikayatia chupani, mtu akijuta aje ayachukue.

Sasa wewe, kitinda mimba wangu. Ulikuwa na kaka mwingine. Usiwatazame hivyo ndugu zako, niliwaapisha mimi, na kiapo hicho ndicho kilichomfanya dada yako ahame mapema. Alikuzidi miaka miwili, tukamwita Kinyozi kwa sababu alimkuta paka wa jirani amelala akamnyoa upande mmoja. Mlikuwa kama chanda na pete, na mlikuwa mabingwa wa kunichezea shere.

Siku ile, saa sita mchana, nilikuwa napiga pasi mashuka ya wageni, moto umekolea vizuri, ukaja mlangoni ukasema, "Mama, Kinyozi ameingia kwenye tangi." Nikakwambia niache nifanye kazi. Ukaenda, ukarudi, ukasema hatoki. Nikasema shuka hili likiungua nitakuchapa. Mara ya tatu ulisimama tu mlangoni umelowa mpaka mabegani, kumbe umejaribu kumvuta peke yako, na mimi nikamalizia pindo. Nilimalizia pindo, wanangu. Nilipofika tangini maji yalikuwa yametulia.

Baada ya maziko kila asubuhi ulinijia ukaniuliza, "Mbona hukuja?" Hukuuliza kwa hasira, uliuliza kama mtoto anayetaka kujua. Nilivumilia siku tisa. Ya kumi, ulipolala mchana, nikakuvua shati nikalifua, sikukuuliza hata mara moja. Nimejidanganya miaka yote kwamba ilikuwa huruma. Huruma ilikuwepo, ila woga uliizidi. Uliamka ukaomba uji, ukaenda kucheza uani kana kwamba ulikuwa unacheza peke yako tangu uzaliwe.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aliyesahauliwa kwa ridhaa huenda zake, lakini huyu nilimwiba, hivyo hajaenda. Miaka thelathini na mmoja nakuta nyayo ndogo za maji kwenye sakafu ya chumba cha pasi, zinaingia, hazitoki. Nakunja nguo zilizokauka, nakuta mkono mmoja umelowa pale mtoto angeushika. Hanidhuru, hata hanitazami. Anakutafuta wewe. Kila ukija kunisalimia anasimama mbele yako, anakuangalia usoni, anangoja umwite, nawe unavuta kiti unapita palepale aliposimama. Jana pia. Moyo wangu umechakaa kwa kuliona hilo, na nikifa hakuna atakayemwona tena. Atabaki humu anangoja, hajulikani na mtu.

Usiniambie nipumzike, binti yangu, nitapumzika sana. Fundi, vuta hilo sanduku chini ya kitanda. Mpe mdogo wako shati na chupa. Halikuenei tena, baba, lilowanishe tu ulikumbatie. Utakayoyakumbuka yatauma kama ya leo asubuhi, na utanijua mama yako nilivyokuwa. Ukikataa, nizikeni na chupa yangu, wala asikulaumu mtu. Uko tayari kumkumbuka? ... Fikiri. Uko tayari? ... Nakuuliza tena, uko tayari?

Haya. Fungua polepole, hiyo nta ya kizibo imekauka.

Nguo nitakayofia msiifue. Niacheni nayo hivyohivyo, na yote yaliyomo. Pendaneni, msinuniane kwa ajili yangu. Mungu awape watoto, na... na wakiwaita, mwitike, hata kama wanatania.

Mbona baridi... Ah. Amekuja. Amekushika goti, baba. Umemwita. Nimesikia umemwita jina lake, lile jina... anacheka, huyo, meno yake yaleyale...

Lia. Lia kwa sauti. Hapana, usinigeukie mimi, usinisamehe upesi. Mtazame kaka yako kwanza. Leo... wa kungoja ni mimi.