Sinki Limeacha Kukoroma

Fundi Zibua: Haloo, haloo... nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, niko chini ya sinki la watu hapa.

Mama Mkunga: Kumbe hata sauti yangu huijui. Mimi wa nyumba ya chini, mlango wa kahawia. Ulinizibulia sinki.

Fundi Zibua: Aa, Mama Mkunga. Shikamoo, mama.

Mama Mkunga: Marahaba, mwanangu. Wa kwako hawajambo?

Fundi Zibua: Hawajambo, tunasukuma siku. Haya, sinki linasemaje? Limeziba tena?

Mama Mkunga: Halisemi. Ndiyo shida yenyewe.

Fundi Zibua: Haliteremshi maji?

Mama Mkunga: Linateremsha. Namwaga beseni zima, sijageuka limeshakunywa.

Fundi Zibua: Sasa mama, hiyo si shida, hiyo ni sifa. Watu hunipigia kunitukana, leo nimepata wa—

Mama Mkunga: Halikoromi.

Fundi Zibua: Vipi? Mtandao unakwaruza.

Mama Mkunga: Nimesema ha-li-ko-ro-mi. Zamani lilikuwa likikoroma kila alfajiri. Tangu uliposhika wewe, kimya. Ulifanya nini mle ndani?

Fundi Zibua: Si ulikuwepo, ukanishikia tochi? Nilitoa mafuta yaliyoganda, nikatoa nywele, nikatoa na kile kijiko ulichokuwa umemsingizia mwanao. Nikapitisha waya mpaka kwenye chemba ya nje. Kule kukoroma ni bomba lilikuwa linagombania pumzi, mama. Sasa linapumua.

Mama Mkunga: Nilikuita uzibue. Sikukuita unyamazishe.

Fundi Zibua: (anacheka) Mama bwana.

Mama Mkunga: Usicheke. Nataka uje urudishe kama lilivyokuwa.

Fundi Zibua: Nirudishe uchafu?

Mama Mkunga: Si wote. Kidogo tu, ule wa kulikoromesha.

Fundi Zibua: Mama, kazi hii nimeombwa mengi. Nimeombwa pete, nimeombwa meno ya bandia, mtoto mmoja akaniomba samaki wake aliyemwagwa pamoja na maji ya chupa. Lakini kuombwa uchafu, hapana.

Mama Mkunga: Basi leo umeombwa. Unakuja lini?

Fundi Zibua: Subiri kwanza. (kwa mtu mwingine) Ndiyo dada, nakaza nati tu hapa, usifungue maji bado. (kwenye simu) Mama, nieleze nikuelewe. Kelele unazitakia nini?

Mama Mkunga: Nitakwambia, na usiende kunitangaza huko masinkini mwa watu.

Fundi Zibua: Mimi naingia majikoni mwa mtaa mzima, mama. Ningekuwa na mdomo ningeshapigwa.

Mama Mkunga: Ni yule mzee wa juu, mpiga chapa. Unamjua?

Fundi Zibua: Namjua.

Mama Mkunga: Yeye kila alfajiri huamka akanawa, akafua vitambaa vyake, kisha akamwaga beseni. Akimwaga, sinki langu linakoroma. Basi nalala pale nasikiliza, najisemea, haya, kumekucha, na juu kuna mtu. Na mimi naondoka kitandani nafungua bomba langu, najaza birika. Mwenyewe naona kama tumeamkiana. Yeye hajui, lakini mimi kwangu ilikuwa salamu.

Fundi Zibua: Mm.

Mama Mkunga: Ngazini tunasalimiana maneno yale yale. Yeye, "Habari za chini?" Mimi, "Njema, habari za juu?" Basi, kila mtu na njia yake. Miaka yote hiyo sijawahi kumkalisha kwenye kiti changu. Lakini asubuhi sikuwa peke yangu, unanielewa? Sasa naamka nyumba imejaa kimya. Juzi nimeweka sikio kwenye sinki mpaka shingo ikaniuma. Mtu mzima na akili zangu, naliinamia sinki.

Fundi Zibua: (kimya)

Mama Mkunga: Haloo? Umekatika?

Fundi Zibua: Nipo, mama.

Mama Mkunga: Mbona umenyamaza? Siku ile uliongea hata spana ikiwa mdomoni.

Fundi Zibua: Nakaza nati... Wanao si wanakupigia lakini?

Mama Mkunga: Wananipigia Jumapili. "Mama umekula? Dawa umekunywa? Haya mama, tutaongea." Hata sijakaa vizuri wameshakata. Usinizungushe, fundi. Nimekuuliza unakuja lini.

Fundi Zibua: Mama, kosa ni langu. Nililisafisha kupita kiasi. Nisamehe bure.

Mama Mkunga: Nimekusamehe. Njoo uliharibu.

Fundi Zibua: Wiki ijayo nitaangalia—

Mama Mkunga: Kesho.

Fundi Zibua: Kesho nina choo cha shule, mama, kile si cha—

Mama Mkunga: Basi pita ukitoka. Waya wenyewe unao, si ni kuchafua tu? Kuchafua kunahitaji fundi wa wiki nzima?

Fundi Zibua: (anavuta pumzi) Mama. Hata nikiliharibu halitakoroma.

Mama Mkunga: Kwa nini?

Fundi Zibua: Kwa sababu bomba la maji machafu ni moja, lake na lako, linashuka ukutani nyuma ya kabati lako la vyombo. Mimi nimeondoa kukoroma, kweli. Lakini mtu wa juu akimwaga beseni zima, hata bomba liwe safi namna gani, lazima usikie maji yakipita. Lazima, mama. Kama husikii kitu kabisa—

Mama Mkunga: Kama sisikii kitu kabisa ni nini?

Fundi Zibua: (mtandao unakwaruza) ...unajua hizi nyumba...

Mama Mkunga: Usinifanyie mtandao. Nimezalisha wanawake maisha yangu yote, namjua mtu anayetafuta maneno ya kumpa mwenzake. Amekufa?

Fundi Zibua: Hapana, mama. Hajafa. Wallahi mzima kabisa.

Mama Mkunga: Sema basi.

Fundi Zibua: Amehama.

Mama Mkunga: Amehama lini?

Fundi Zibua: Siku ile ile niliyokuwa kwako. Nilipotoka tu mwenye nyumba akanipigia, akaniambia, kwa kuwa uko hapo hapo, panda juu ukafunge koki, mzee anaondoka. Nikamkuta na binti yake, wamefunga mabegi. Binti kasema hawezi tena kumwacha babake apande ngazi peke yake, na masikio ndiyo hayo, mashine za uchapaji zimeyamaliza. Nilijua utakuwa umeona. Nilidhani jengo zima linajua.

Mama Mkunga: Dirisha langu linatazama ukuta.

Fundi Zibua: Ndiyo, mama. Nakumbuka.

Mama Mkunga: Na juu mzee alikuwa akitembea kama paka. Hata miguu yake sikuwahi kuisikia. Nimekaa siku zote hizi nakulaumu wewe na waya wako.

Fundi Zibua: Ungeendelea tu kunilaumu, ningekubali. Lakini nikaona utaniita nikuharibie sinki zima bure.

Mama Mkunga: Kwa hiyo juu hakuna mtu.

Fundi Zibua: Hakuna. (mtandao unakwaruza) ...mama, kuna neno jingine, sijui nikuambie.

Mama Mkunga: Hilo kubwa umeshalisema, dogo litanifanya nini?

Fundi Zibua: Kabla sijafunga koki nilifungua bomba lake la jikoni nione. Maji yakatoka membamba, uzi. Nikamwambia mzee, nikimpigia kelele sikioni, hili ungeniita zamani. Mtu wa chini akifungua, maji yako yanapungua. Ni kubadilisha kipande kidogo tu. Akanijibu kwamba mafundi wote waliompitia walimwambia hivyo, na wote aliwakatalia.

Mama Mkunga: Aliwakatalia nini?

Fundi Zibua: Kurekebishiwa. Akaniambia hivi: "Maji yakipungua alfajiri najua mama wa chini ameamka, anajaza birika. Nasimama nangoja. Yakirudi namalizia kusuuza vitambaa."

Mama Mkunga: Alisema birika?

Fundi Zibua: Alisema birika. Na mimi nikamuuliza, umejuaje si ndoo? Akacheka, akasema ndoo ingechelewa zaidi.

Mama Mkunga: Na mimi nilikuwa nikiharakisha. Nikijisemea, nisimalizie watu maji.

Fundi Zibua: Ndiyo hivyo. Kila mmoja anamsikilizia mwenzake. Mlikuwa mnaongea, mama, ila kwa mabomba.

Mama Mkunga: Angalau angeniaga. Watu wa jengo moja, hata kama ni salamu za ngazini. Mtu humuaga hata muuza duka.

Fundi Zibua: Alikuaga, mama. Aligonga kwako.

Mama Mkunga: Lini?

Fundi Zibua: Wakati tunashuka. Mimi nilikuwa nimembebea begi, binti yuko mbele. Mzee akafika kwenye mlango wako akasimama, akajipangusa mikono kwenye suruali, akagonga. Akangoja. Binti akamwita, mzee akamwashiria kwa mkono angoje. Akagonga tena. Mimi nikasema labda mama amepumzika, sinki limemchosha. Basi akashuka.

Mama Mkunga: Nilisikia.

Fundi Zibua: Ulisikia?

Mama Mkunga: Nilikuwa nyuma ya mlango. Nimeshika komeo hivi. Nilidhani ni wewe, umerudi kuniambia kuna bomba jingine bovu.

Fundi Zibua: Mama...

Mama Mkunga: Nikajisemea, leo nimechoka na fundi huyu, nikinyamaza ataondoka. Nikabana pumzi. Na kweli aliondoka, nikasikia hatua, nikafurahi. Zamani walikuwa wakinigongea usiku wa manane, watu nisiowajua, mwanaume analia mkewe ameshikwa na uchungu, na mimi nilifungua kabla hajamaliza kugonga. Sikuwahi kuuliza nani. Siku hizi anayegonga kwangu ana kitu anauza. Nimezoea kunyamaza.

Fundi Zibua: Hukujua, mama.

Mama Mkunga: Unene wa mlango, fundi. Unene wa mlango tu.

Fundi Zibua: (kwa mtu mwingine) Dada, nipe dakika, tafadhali, nazungumza na mtu wangu. (kwenye simu) Mama, sikiliza. Nitamwomba mwenye nyumba namba ya simu.

Mama Mkunga: Si hasikii? Umesema mwenyewe.

Fundi Zibua: Binti anasikia.

Mama Mkunga: Nimwambie nini binti wa watu? Kwamba mimi nani? Atamuuliza babake, "Huyu mama ni nani wako?" Naye ataanza wapi kueleza?

Fundi Zibua: Mwambie wewe ni mama wa chini. Mzee ataelewa.

Mama Mkunga: Huko kwa binti, yuko ghorofa gani?

Fundi Zibua: Ni nyumba ya chini, mama. Binti alisema ndiyo maana amemchukua, hakuna ngazi.

Mama Mkunga: Kwa hiyo chini yake hakuna mtu.

Fundi Zibua: Hakuna.

Mama Mkunga: Maji yake yatakuwa yanatoka kwa nguvu moja tu, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Fundi Zibua: Ndiyo, mama.

Mama Mkunga: Atakuwa anasimama pale anangoja yapungue.

Fundi Zibua: Namba nitaitafuta leo leo. Nitakutumia.

Mama Mkunga: Tuma. Nikipata la kusema nitapiga. (mlio wa salio) Umesikia? Salio langu linaaga, ni la kuungaunga. Haya, rudi kwenye nati zako. Na sinki liache hivyo hivyo, lisije likaniharibikia bure. Usije.

Fundi Zibua: Nitakuja.

Mama Mkunga: Uje kufanya nini? Kila kitu ni kizima.

Fundi Zibua: Kesho nikitoka kwenye choo cha shule nitapita. Sina kazi hapo, sina cha kuuza. Nitagonga tu. Ufungue.

Mama Mkunga: Nitajuaje ni wewe?

Fundi Zibua: Usijue, mama. Fungua tu.

Mama Mkunga: (mlio wa salio) Mwanangu, salio—

Fundi Zibua: Umenisikia lakini? Mama? Akigonga mtu yeyote, we fungua... Haloo? Haloo, mama?