Alichosema Fundi Nyuma ya Kioo

Eti, "Bibi, siku wakija kukamata waharibifu wa sinema, wa kwanza kutiwa pingu ni wewe. Sauti umeiua kwa mkono wako mwenyewe!" Maneno ya Kinyozi hayo. Ananiambia mimi, mbele za watu, wembe mkononi, povu la mteja linamdondokea kwenye kiatu. Nikamwambia nimeiua, ndiyo, na sinema imetoka nzuri kuliko ilivyoandikwa. Wewe umeua ndevu ngapi za watu, na ipi imependeza?

Benchi letu liko mbele ya kinyozi hapo, ubao mmoja umelazwa juu ya ndoo mbili za rangi. Jua likihamia ukuta wa pili, tunakaa. Dada wa Birika anamimina kahawa, anasikiliza. Yuko Remoti, fundi wa televisheni, mfuko wa shati haujawahi kukosa remoti ya mtu. Yuko Shahidi, tunamwita hivyo kwa sababu hakuna jambo lililotokea mji huu yeye hakuwepo. Siku ile nilifika mbiombio kama msichana, maana jana yake mchana sinema ya mjukuu wangu ilionyeshwa chuoni kwao, ukumbi umejaa, na mimi sijalala kwa furaha.

— Bibi, anza mwanzo, Remoti akasema. Dada wa Birika hajaisikia.

— Ameisikia mara tatu, Kinyozi akasema.

— Na ya nne ataisikia, nikamwambia. Nyoa.

Nikaanza. Mjukuu wangu anasomea kutengeneza sinema, na mtihani wao wa mwisho ni kila mtu alete sinema fupi, dakika kumi na mbili, ya kutia watu hofu. Yake ni hivi. Fundi cherehani analetewa koti limechanika. Anaingiza mkono mfukoni ashone bitana, anakuta barua. Anaisoma. Kumbe barua inaeleza mtu aliyeuawa, alipozikwa, na nani alimuua. Sasa mwenye koti anarudi kulichukua.

— Mwili umenisisimka, Dada wa Birika akasema.

— Unaona? Hajaisikia.

Fundi akachezwa na fundi kweli, mwanangu mkubwa, baba yake huyu binti, dukani kwake pale mnapopaona. Mwenye koti nani? Mwanangu mdogo, mchomelea vyuma. Akivaa ile miwani yake nyeusi ya kuchomelea, hata mimi niliyemzaa naweza kuita watu.

— Hapo ndipo penye utamu, Shahidi akasema. Waambie hawasemezani.

Hawasemezani mwaka wa sita. Mdogo alimtengenezea kaka yake mlango wa chuma wa duka, ukagoma kufunga. Mkubwa akasema mbele ya wateja, "Mlango umepinda kama aliyeuchomelea." Wateja wakacheka. Basi. Mlango uko pale mpaka leo, unafungwa kwa bega. Miaka yote hiyo wakiwa na neno, neno linapita kwangu. "Mama, mwambie mwenzako msiba wa shangazi ni kesho." "Mama, mwambie huyo arudishe ngazi." Mimi ndiye niliyekuwa posta.

— Na huyu binti akawaweka chumba kimoja! Remoti akasema. Ana moyo.

Aliwadanganya wote wawili. Baba akaambiwa mwenye koti ni mwanafunzi mwenzake. Baba mdogo akaambiwa fundi ni mwalimu, na kaka yake siku hiyo hatakuwepo dukani. Kamera akaiweka nje, inachungulia dukani kupitia kioo cha dirisha, na wanafunzi wenzake na mimi tumejipanga nyuma yake. Ndani kinasa sauti kimefichwa kwenye kapu la vitambaa.

— Sasa sema ulichofanya, Kinyozi akasema.

Nimefanya nini? Niliingia mapema kufagia vipande sakafuni, maana sinema ya mjukuu wangu haitaonyesha uchafu. Nikaona kwenye kapu kidude kina taa nyekundu, inawaka bure, hakuna mtu. Mimi kitu kinachowaka bure nakizima. Nikakizima, nikakifunika na kitambaa kizuri, nikatoka.

Wakacheka wote, mpaka mteja wa Kinyozi na povu lake.

— Binti anaamini amerekodi! Shahidi akasema. Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya Bibi.

— Hukuwepo.

— Nilikuwa ng'ambo ya barabara, lakini naona.

Basi mwanangu mdogo akaja, miwani usoni, akausukuma mlango kwa bega, akaingia, akaufunga kwa bega. Ndipo akamwona kaka yake amesimama na futi shingoni. Tukaona mgongo wake umekakamaa. Mjukuu wangu akanikamata mkono, kucha zote ziko kwenye nyama yangu, kamera inaendelea. Ilikuwa mdogo aseme, "Nimekuja kuchukua koti langu." Akasema, tuliona kidevu kikisogea. Ilikuwa mkubwa arudi nyuma, atetemeke, aseme, "Koti gani?"

Hakurudi nyuma. Alisogea mbele. Akamsogelea mpaka pua kwa pua, akafungua mdomo, akasema maneno. Mengi! Yanaendelea, yanaendelea, na sisi tuko nje ya kioo, hatusikii hata moja. Mdogo akapandisha ile miwani juu ya paji la uso. Akamtazama. Akachukua koti, akalivaa, akatoka kwa bega, akatupita, akapanda baiskeli yake akaenda zake na koti la watu mchana kweupe.

— Na hapo ukumbini? Remoti aliuliza, na anajua.

— Ukumbini hapo miwani ilipopanda, mtu alipiga yowe! Viti vilisogea! Kimya tupu, hakuna sauti, hakuna muziki, mtu mmoja anasema tusichokisikia na mwingine anatoka na koti. Yule mwalimu wao mkali alisimama. Akamuuliza mjukuu wangu, "Umewezaje kufikiria kuondoa sauti hapo?" Mtoto akanitazama nilipokaa, akasema, "Nilisaidiwa na bibi."

— Weee!

— Wakanipigia makofi. Mimi! Ambaye jina langu naliandika kwa kidole gumba.

Hapo hata Kinyozi aliweka wembe chini. Lakini ndiyo benchi letu, furaha haikai dakika mbili bila ubishi.

— Sasa alisema nini? Remoti akauliza. Hilo ndilo swali. Mimi ninacho kile kipande kwenye simu, binti alinitumia. Nimekipitisha polepole mara ishirini. Mdomo unaanza kwa kufumba. Kwa hiyo ni "ma", au "ba", au "pa".

— "Mama", Dada wa Birika akasema taratibu.

— Inawezekana. Au "mpumbavu".

— Midomo niachieni mimi, Kinyozi akasema. Kazi yangu ni kukaa karibu na midomo ya watu. Yule alikuwa anasema, "Barua nimeisoma." Na siyo ya sinema. Barua ya kweli! Nani kakwambia ile karatasi aliandika mtoto? Labda koti lilikuwa la mteja kweli, na barua ilikuwa ndani kweli, na fundi akaona hapa hapa namtonya ndugu yangu, wakati watu wanadhani tunaigiza.

— Kwa hiyo kuna mtu kazikwa?

— Mimi sijasema yupo. Nimesema msichimbe ovyo.

— Kinyozi, koti lilikuwa la marehemu mume wangu, nikamwambia.

— Ndiyo nasema, Bibi. Unamjua mtu mpaka mfukoni?

Nikamrushia kandambili. Akaikwepa, ikampata mteja.

— Nyote mnapotea, Shahidi akasimama, maana mambo yake makubwa huyasema amesimama. Mimi nilikuwepo. Wale hawajawahi kugombana.

— Ee?

— Kaka mtu na mdogo wake walikaa wakapanga. Binti alipokuwa mdogo, anapenda kuchungulia, baba yake akajua huyu siku moja atatengeneza sinema. Wakasema, tujifanye hatusemezani ili siku ikifika uso uwe wa kweli. Miaka sita ya mazoezi! Mlango waliupinda makusudi! Waigizaji wa nje wanafanya hivyo, wanakonda, wanafuga nywele.

— Shahidi, miaka sita iliyopita binti alikuwa anataka kuwa muuguzi, nikasema.

— Na hiyo ilikuwa sehemu ya mpango.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Dada wa Birika akajaza tena. Remoti akatoa simu, tukasongamana vichwa vitano juu ya kioo kidogo, tukamtazama mwanangu akifumba na kufumbua mdomo, polepole kama samaki. Kila mmoja anasoma lake. "Hapo kasema pole!" "Wapi, hapo kamtukana!" "Hapo kamtaja Bibi, tazama alivyoangalia dirishani!"

Hilo la mwisho sikulipenda. Nikasema nipeni kahawa.

Ndipo akaja mama mmoja kijana, simjui, amebeba kitambaa cha bluu kwenye mfuko.

— Shikamoo bibi. Hamjambo hapa? Natafuta duka la fundi cherehani.

— Marahaba mwanangu. Lile pale, lenye mlango wa chuma. Sukuma kwa bega.

— Mnatazama nini hivyo, mnacheka mpaka nje ya mtaa?

Wakamweleza wote kwa pamoja, kila mtu na nusu yake. Naye akasikiliza, akatazama simu, akalitazama duka. Hatua hamsini hazifiki.

— Kwa hiyo fundi mwenyewe ndiye yule yuko pale, anapiga pasi?

— Ndiye.

— Na hii ilikuwa lini?

— Wiki ya tatu sasa.

— Sasa kwa nini hamwendi kumuuliza?

Kinyozi akaanza kufuta wembe uliokwishafutwa. Remoti akairudisha simu mfukoni. Shahidi, yeye aliyekuwepo kila mahali, akatazama viatu vyake.

— Mdogo nilimuuliza, nikasema. Akaniambia, "Mama, yale yalikuwa ya sinema."

— Na huyu mkubwa?

— Miguu inanisumbua.

— Bibi, Kinyozi akasema, lakini safari hii kwa upole, mguu uliokuja mbio leo ni wa nani?

Nilikuwa nawaza jambo ambalo hapo benchini sijawahi kulitaja. Wiki tatu zile hakuna mwanangu hata mmoja aliyeniletea salamu za mwenzake. Hakuna "mwambie huyo". Hakuna ngazi, hakuna msiba. Wanakuja, wananisalimu, wanaondoka. Ama wamechukiana mpaka wamekosa hata matusi, ama wanasemezana wenyewe. Na kama wanasemezana wenyewe, najua mazungumzo yao yatafika wapi.

Mwaka wa pili wa ugomvi wao moto wa kuchomelea ulimpiga mdogo machoni. Siku tisa kafungwa vitambaa, haoni, yuko kitandani kwangu. Asubuhi ya kwanza akaniambia, "Mama, mwite kaka aje akae na mimi." Nikasema sawa. Jioni yake mkubwa akaja, akasimama kizingitini, kofia mkononi, akauliza, "Mama, naweza kuingia?" Nikamwambia mwenzako amelala, hataki watu. Nikarudi ndani nikamwambia mdogo, kaka yako ana wateja. Kila mmoja akaamini, kwa sababu mimi ndiye posta, na posta hawaiulizi.

Kwa nini? Nisiseme uongo mbele ya kahawa yangu. Siku zile tisa nilimlisha kwa kijiko kama mtoto mchanga. Na mkubwa alikuja kila jioni kuuliza hali, akakaa na mimi uani, tukazungumza. Tangu wazike baba yao sikuwahi kuwa na watoto wangu wote wawili kiasi kile, mmoja ndani na mmoja nje. Nikaona wakipatana, wataambiana wenyewe, na mimi nitabaki na masufuria.

Nilipomtazama mwanangu kwenye simu ile amefumba mdomo, halafu ameangalia dirishani nilipokuwa nimesimama, sikuhitaji sauti. Au nilihitaji sana.

Yule mama alikuwa ameshaaga, ameshika njia. Nikamwita.

— Mwanangu! Hebu rudi. Kaa hapa kidogo, kitambaa hakikimbii.

Akakaa. Benchi lote likasogea kumpisha.

— Ukifika pale, kabla hajakupima, mwambie umetumwa na mama yake. Usimuulize alisema nini, hilo muachie mwenyewe. Mwambie siku ile mdogo wake alipoungua macho, hakuwa amelala. Alimwita. Alisema, "Mwite kaka aje akae na mimi." Mama yake ndiye hakufikisha. Mwambie hivyohivyo, mwanangu, usipunguze. Akiuliza niko wapi, mwambie niko benchini, naona mlango.