Usingizi Wangu Ulikuwa na Saa Yake

Bwana asifiwe, wapendwa! Na asifiwe hata na sisi ambao hatujawahi kuiona ibada ya kwanza ikianza!

Mimi ni Nyambura, naishi Kariobangi. Ni karani wa kumbukumbu katika hospitali moja hapa Eastlands. Daktari akishaandika ugonjwa wa mtu, mimi husoma maandishi yake na kuupa ugonjwa ule namba, herufi na tarakimu, ndiyo bima ielewe na serikali ijue watu wanaugua nini. Malaria ina namba yake. Mkono uliovunjika una namba yake. Nimewapa wengi namba, ndugu zangu, na ugonjwa wangu mwenyewe sikujua jina lake!

Tangu nikiwa msichana wa sekondari, usingizi ulikuwa haunijii mpaka karibu kupambazuke. Si kwamba nilikuwa na mawazo. Nilizima taa mapema, nikaomba, nikageuka huku na huku. Ploti nzima, vyumba vyote vya wapangaji, imenyamaza, namsikia jirani akikoroma ng'ambo ya ukuta, namwonea wivu. Utampigia nani simu saa hizo? Halafu watu wanapoanza kuchota maji, ndipo nalala kama mtu aliyepigwa sindano ya ganzi. Simu inalia mpaka inachoka. Mafundi wa jua kali wanagonga mabati chini ya dirisha langu, sisikii. Nikiamka, kila mtu ameshaenda zake.

Nilikuwa nikiishi na mdogo wangu, Wairimu. Alijaribu, maskini. Alinivuta blanketi, alinimwagia maji. Mwishowe akafunga vitu vyake akahamia Umoja.

"Nimechoka kuwa kengele yako," aliniambia mlangoni. "Unaweza kuamka, Nyambura. Hutaki tu."

Nikasikiliza viatu vyake vikishuka ngazi. Siku hiyo nilipika chakula cha watu wawili bila kufikiri, nikakila baridi peke yangu.

Hapa kanisani mliniombea, na ninawashukuru. Mlikemea pepo la uvivu, nami nilipiga magoti nikilia kwa sababu nilitaka litoke! Jumatatu nikachelewa tena. Baada ya hapo akina mama wa maombi ya alfajiri wakaacha kunipigia. Kazini nikawa nikiingia, mazungumzo yanakatika. Sikumlaumu mtu. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni mvivu.

Nikaenda kutibiwa hapo hapo hospitalini kwetu. Daktari wa kwanza hakuinua hata kichwa. Aliandika maneno mawili tu, "kukosa usingizi", akanipa tembe. Tembe zile ziliniamsha na kizunguzungu, na bado nimechelewa.

Ndipo Bwana Mutiso, mkuu wetu, akaniita ofisini. Si mtu mbaya.

"Nyambura, kazi yako ni safi," alisema. "Lakini siwezi kuendelea kukutetea. Niletee sababu ya daktari mwezi huu, ama tuachane."

Wenzangu walipotoka jioni, nilifungua faili yangu kwenye kompyuta. Nilikuta namba inayoanza na F, ya kukosa usingizi kwa sababu ya akili na hisia. Si aibu kuwa na namba hiyo, lakini haikuwa yangu! Nikapekua orodha ya magonjwa, na chini ya herufi G nikakuta ugonjwa wa mtu ambaye saa zake za kulala na kuamka zimehama. Huyu ni mimi! Vidole vilikuwa tayari kwenye kibodi. Kubadilisha tu, nani angejua? Lakini karani haandiki namba ambayo daktari hajaiandikia maneno. Nikaondoa mikono, nikainamisha kichwa juu ya meza.

"Mungu wangu," nikasema, "sina mtu. Nipe mtu mmoja tu wa kunisikiliza."

Na akanipa, ndugu zangu! Wiki hiyo hiyo alianza kwetu daktari mpya, Daktari Halima, dada Mwislamu kutoka Eastleigh. Nilipoingia chumbani kwake kutibiwa, alivuta kiti, akaniuliza, "Ukiwa likizo, hakuna wa kukuamsha, unalala vipi?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo!

"Nalala fofofo, daktari. Naamka karibu saa sita mchana, mwili mwepesi."

"Basi usingizi unao, dada. Saa yake ndiyo imechelewa. Huu ni ugonjwa, na una jina."

Alinituma nikaandike saa nilizolala na kuamka kwa wiki mbili. Niliporudi, aliandika. Aliandika ulianza lini, kwamba nikiachwa nalala vizuri, kwamba umeniharibia kazi, kwamba tembe hazikusaidia, na kwamba si hiari yangu. Ukurasa mzima! Mimi husoma maandishi ya madaktari kila siku, na sikuwahi kuona mtu akiandikwa kwa uangalifu namna hiyo. Nililia mpaka akanipa kitambaa.

Hairuhusiwi kujiwekea namba mwenyewe, kwa hiyo mwenzangu Otieno ndiye aliyeisoma faili. "Nisamehe, dada," akasema. "Tulikuwa tunakucheka." Bwana Mutiso naye, alipopata sababu ya daktari, akanihamishia zamu inayoanza mchana.

Nisiwadanganye. Sijapona kabisa. Daktari amenifundisha kukaa kwenye mwanga nikiamka, na usingizi umeanza kusogea mapema kidogo. Lakini bado kuna saa ambazo ni mimi na Mungu tu tulio macho kwenye ploti ile. Wairimu hajarudi, ingawa hupiga simu usiku, akijua niko macho. Kilichoniondokea ni lile jina. Siitwi mvivu tena, na mimi mwenyewe sijiiti!

Asante, Yesu! Asante kwa Daktari Halima! Na wewe uliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango, uliyepewa jina ambalo si lako, usijifiche. Mwamini Mungu, na umtafute daktari atakayekuuliza maswali. Kama huna wa kwenda naye, njoo kwangu twende pamoja. Mimi sitakuuliza kwa nini umechelewa.