Mfuko Mtupu wa Orville

Mji wa Plum Fork, Nebraska, una benchi moja tu la maana, lile la nje ya duka la donati, na Jumatano hiyo lilikuwa limeelemewa. Godoro alipata jina lake kwa kukaa misimu yote mitatu ya timu ya Nyigu, ya mpira wa Kimarekani wa ukumbini, nyuma ya ukuta uliofungwa magodoro, pale wachezaji wenye kofia ngumu walipokuwa wakimwagika ukutani na kumwangukia yeye na bisi zake. Daktari alikuwa akitibu nguruwe. Kimbunga, kila baya kwake lililetwa na kimbunga. Na Verna Vavra, mjane wa Orville aliyekuwa mtunza mipira, alikumbatia mkoba mnene kama kuku anayeatamia. Saa nne angekuja dada wa ukumbi mpya kuchukua historia ya timu, karatasi ya kutundikwa mlangoni. Verna alikuwa na haja moja tu: isimwite marehemu wake mwizi.

GODORO: Tuandike ukweli. Mechi ya mwisho, refa kaomba mpira, Orville kafungua mfuko, mtupu! Mechi ikavunjika, ligi ikatufuta. Aliiuza mipira.

VERNA: Ulimwona akiuza?

GODORO: Sikumwona, shemeji. Ila lisemwalo lipo.

DAKTARI: Acha kamba, Godoro. Chini ya lile zulia la kuchezea palikuwa na nini? Barafu ya watelezaji. Baridi iliinyonya mipira ikasinyaa kama njugu. Tuliikanyaga tukitoka.

GODORO: Mipira arobaini iwe njugu?

DAKTARI: Haba na haba hujaza kibaba.

KIMBUNGA: Mmelala nyie. Kilikuwa kimbunga. Kiliingia kwa dirisha la choo cha wanaume.

GODORO: Kikaacha watu, kikaacha viti, kikabeba mipira tu?

KIMBUNGA: Kile kilikuwa na macho! Kikaenda kuimwaga Kansas.

DAKTARI: Kansas nao timu yao ilikufa mwaka ule ule.

KIMBUNGA: Si unaona? Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Verna alipuliza kahawa yake. Desturi ya Nyigu ilikuwa mpira ukivuka ukuta ukakudondokea, ni wako, nenda nao kwako. Siku ile ya mwisho mtangazaji alilia kwenye kipaza sauti: jamani, rudisheni hata mmoja tumalize mechi. Ukumbi mzima ukatazama dari.

Na Plum Fork, mtu akifiwa au akivunjika nyonga, Verna humpelekea bakuli la viazi vya jibini. Bakuli likiingia, macho nayo huingia. Mpira wa Godoro unazuia mlango wa banda la trekta. Wa Daktari umevishwa kofia ya Krismasi juu ya meko. Wa Kimbunga unalaliwa na mbwa.

Saa nne juu ya alama, Shawna wa ukumbini akafika, akaitazama karatasi. Nyeupe pe.

SHAWNA: Haidhuru, wazee wangu, mtaimalizia. Ila tuna kabati la kioo, halina kitu. Nani kati yenu ana mpira wa Nyigu, hata mmoja?

Godoro alikoroga kahawa isiyo na sukari. Daktari akaona jambo kwenye kiatu chake. Kimbunga akakagua mawingu, na mbingu siku hiyo haikuwa na wingu hata la dawa.

Verna alikuwa amejiapiza kwamba mmoja wao akifungua mdomo akakiri, yeye atarudi nyumbani na mkoba wake umefungwa. Akangoja. Kisha akavuta zipu. Ngozi ya kahawia, muhuri wa nyigu ubavuni.

VERNA: Huu ndio wa mwisho kabisa. Ulivuka ukuta ukanidondokea mimi, mke wa mtunza mipira. Nikaufunika kwa koti. Orville kasimama pale na mfuko mtupu, watu wanamzomea, nami namtazama.

GODORO: Miaka kumi na tisa, shemeji?

VERNA: Chini ya cherehani. Kafa hajui. Na wako wewe, bado unazuia ule mlango wa trekta?

Godoro aliichukua kalamu, akaandika polepole kama mtu anayechonga: *Orville Vavra hakuuza mpira hata mmoja. Ilikuwa kwetu.* Akatia sahihi. Daktari akatia yake bila kuinua uso. Kimbunga akawa wa mwisho, akaishikilia kalamu.

KIMBUNGA: Tuongeze kamstari kamoja tu, Verna. Kadogo. Kuhusu upepo.

VERNA: Kamwamshe mbwa kwanza.