Wa Nyuma, Songeni Mbele

Bwana asifiwe. Nimesema mara moja tu na imetosha. Wale wa nyuma, kama hamkusikia, kuna viti hapa mbele, songeni. Ndugu anayeongoza ibada amenipa maiki nikamrudishia. Si majivuno, mtaelewa kabla chai haijaletwa.

Mimi ni mchungaji hapa Eldoret, mzaliwa wa Magharibi, kama wengi wenu mliokuja mji huu kutafuta riziki mkabaki. Kanisa letu ni la mabati, tunapakana na posho mil, na mvua ya hapa mnaijua. Kwa miaka mingi nilihubiri nikishindana na mashine ya unga kando na mvua juu, na nawaambia, nilizishinda zote mbili. Mtu akipita barabarani alipata neno lake bila hata kuingia kanisani.

Na mnajua desturi yetu. Mhubiri akiwa na sauti laini, watu wanaangalia simu. Sauti ikianza kukwaruza, wanasimama. Ikikauka kabisa kama mlango unaotaka mafuta, mtu anamgusa jirani na kumwambia, "Sasa upako umeshuka." Nimeona vijana wakijikwaruza koo makusudi ili waonekane wamewaka moto. Kwa hivyo sauti yangu ilipokauka na kubaki hivyo wiki baada ya wiki, hakuna aliyeniambia niende hospitali. Waliniambia, "Pastor, Mungu amekuinua viwango." Nami niliamini. Nikanywa tangawizi, asali, ndimu, yai bichi la kuku wa kienyeji, nikaendelea kupanda viwango.

Siku yenyewe ilikuwa kwenye mkutano wa nje kule Moi's Bridge, wakati wa kuvuna, vumbi la mahindi kila mahali. Katikati ya mahubiri nilifungua mdomo na hakukutoka kitu. Hewa tu. Nikajaribu tena, hewa. Nikajishika koo nikimaanisha niletewe maji. Umati wote ukashika koo, wakidhani ni agizo la maombi. Nikatikisa kichwa, nao wakatikisa vichwa. Kwaya ikaingia na pambio. Baba mmoja akapanda jukwaani akashuhudia kwamba koo lake lililomsumbua limepona saa hiyo hiyo, na mimi sina sababu ya kumkatalia. Mkutano ule unakumbukwa mpaka leo kuwa wa nguvu. Aliyerudi nyumbani mgonjwa ni mimi.

Daktari alinichungulia koo akasema nyuzi za sauti zimeota vinundu. "Mchungaji, unyamaze," akaniambia. "Hata kunong'ona, hapana. Ukikaidi, sauti inaweza kwenda isirudi." Nikamuuliza kwa mkono, mpaka lini? Akasema mpaka yeye mwenyewe aniruhusu.

Ndugu zangu, mimi sina shamba wala duka. Kuhubiri ndiyo kazi ninayoijua. Niliogopa, na sitaki kulipamba neno hilo.

Nyumbani nilikuwa namwandikia mama watoto kwa simu tukiwa meza moja. Naye akawa ananijibu kwa kuandika. Ikabidi nimwandikie kwamba yeye si mgonjwa.

Kanisani nako wakamkumbuka Zakaria, yule kuhani aliyefungwa ulimi hekaluni kwa kutoamini maneno ya malaika. Mzee mmoja wa kanisa akaja kwangu, akaketi, akauliza kwa upole, "Pastor, ni nini uliambiwa ukakataa?" Sikuweza kumjibu, na akachukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo jibu. Akina mama wakaenda mbele zaidi. Zakaria alipofungwa ulimi, mke wake si alipata mimba? Basi mama watoto, ambaye ni nyanya wa watu, akawa anaulizwa sokoni kama anahisi kichefuchefu.

Yeye alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali la mzee lilikuwa limeniingia. Tangu ninyamaze nilikuwa siwezi kuomba. Nilifundishwa kuomba kwa kupaza sauti, nikitembea, nikipiga ngumi hewani. Sasa nikipiga magoti kimya, najikuta nawaza paa linalovuja. Mdomo ulifungwa na maombi yakafungwa pamoja nao. Nikajiuliza, miaka hii yote nilikuwa naamini, au nilikuwa napiga kelele?

Wakati huo wazee walikuwa wameleta mhubiri kijana ashike nafasi yangu. Sauti, kusema kweli, Mungu alimpa. Kanisa likajaa. Mimi nilikaa kiti cha mbele nikipiga makofi huku wivu ukinila. Yule mzee wa Zakaria akanishika bega, "Pumzika tu, pastor, usiwe na haraka." Mnajua sisi tunavyosema mambo. Nilielewa kwamba nimeanza kuagwa.

Mama watoto ndiye aliyechoka kuniona nimekaa. Akanichukua tukaenda Chepsaita kumwona mjane mmoja, muumini wetu wa siku nyingi, ambaye miguu ilikuwa imekataa kutembea. Mama huyo amenipa ruhusa niseme haya. Nilikuwa nimefika kwake mara nyingi tangu tulipomzika binti yake. Kila nikifika nilisalimia, nikafungua neno, nikaomba, nikaondoka.

Siku hiyo mama watoto aliingia jikoni kupika chai, tukabaki wawili. Sikuwa na neno la kufungua. Tukakaa. Nikaanza kusoma tabia za kuku uani.

Kisha mama akasema, "Pastor, wewe huwa unakuja kuniombea. Leo ndio umekuja kunitembelea."

Akaanza kuongea juu ya msichana wake. Vile alipenda ugali mgumu, akausonga mpaka mwiko ukavunjika. Vile alikuwa anaimba vibaya na hajali. Mambo madogo madogo, na mimi nilikuwa sijui hata moja, ilhali nilimhubiria kaburini. Halafu mama akasema, "Wacha nikuambie ukweli. Tangu tumzike huyo mtoto, mimi siombi. Nyinyi mkiomba nafunga tu macho."

Ningekuwa na sauti, ningeikemea hiyo roho ya kukata tamaa mpaka mabati yatetemeke. Najijua. Kwa kuwa sikuwa nayo, nilijigusa kifua kwa kidole.

Akaniangalia. "Hata wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata wewe, pastor, huombi?"

Nikaitikia tena. Mama yule akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi, kikageuka kilio. Nami nikalia, bila sauti, maana daktari alikuwa amekataza.

Mama watoto akaingia na chai akatukuta tumeshikana mikono, nyuso zimelowa. Akauliza kuna nini. Mama akamjibu, "Hakuna kitu. Tulikuwa tunaomba."

Mimi nilikuwa sijui kwamba tulikuwa tunaomba. Nilifikiria njia nzima, na tulipofika Eldoret nilikuwa nimekubali kwamba ni kweli.

Najua mnangoja nimlete Eliya na ile sauti ndogo ya utulivu. Leo Eliya apumzike, mmemchosha. Mimi nilirudi kwa Ayubu. Tunawalaumu sana marafiki zake, lakini mwanzoni walikaa naye chini siku saba bila neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Walikuwa wachungaji wazuri sana mpaka walipofungua mdomo.

Nikaendelea kwenda Chepsaita, kisha kwa wengine. Habari zikaenea kwamba kuna mchungaji hasemi. Watu wakaanza kunijia wenyewe, hata wanaume, na mnajua wanaume wa hapa. Mmoja aliniambia wazi, "Nimekuja kwako kwa sababu huwezi kumwambia mtu."

Daktari aliponiruhusu, jamaa walikaa mezani wakingoja neno la kwanza, kama Zakaria alipofunguliwa ulimi akamsifu Mungu. Nilisema, "Chumvi." Mboga ilikuwa haina chumvi.

Sauti iliyorudi ndiyo hii ndogo mnayosikia. Daktari anasema haitazidi hapa. Yule kijana anahubiri Jumapili, na kwa kweli wivu umepungua, haujaisha. Mimi wazee wamenipa kazi ya kutembelea watu majumbani, kitanda cha mgonjwa kwa kitanda, na bado wananiita mchungaji wao.

Namshukuru daktari aliyeninyamazisha. Namshukuru mama watoto, ambaye hakupata kichefuchefu wala hakunichoka. Namshukuru hata mzee wa Zakaria, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri, ila aliinuka mapema mno, hakungoja jibu. Na nyinyi mkienda kwa mgonjwa au mfiwa, neno mlilobeba liwekeni kwanza chini, kando ya viatu. Mkae. Likihitajika mtaliokota.

Ratiba inasema nifunge kwa maombi. Nimeomba niruhusiwe kubadilisha. Mama wa Chepsaita yuko hapa mbele, amebebwa mpaka kwenye gari, amebebwa mpaka kwenye kiti. Asubuhi ameniambia kwamba leo anataka kujaribu kuomba, mara ya kwanza tangu tumzike msichana wake. Amesema itakuwa fupi, na maiki hataki.

Wa nyuma, songeni mbele.