Leo Kiti cha Kompyuta Nimekiwahi Mimi

SITIVENI: Haloo! Haloo? Nani mwenzangu?

LESIELI: Umeshatua?

SITIVENI: Nimetua, ndiyo, nimo garini. Samahani, namba hii siijui. Naongea na nani?

LESIELI: Kweli Auckland ni mbali. Hata sauti ya dada yako huijui tena.

SITIVENI: Lesieli! Ah, dada! [anacheka] Nisamehe bwana, laini yenyewe nimeinunua sasa hivi uwanja wa ndege, namba nimewatumia shuleni tu. Hujambo? Mama hajambo?

LESIELI: Sijambo. Mama hajambo. Safari?

SITIVENI: Nzuri, ila kiti kilikuwa cha— haloo? Unakatikakatika.

LESIELI: Nimekusikia. Mko wapi?

SITIVENI: Tunaiacha Malapo. Dereva wa shule anasema robo saa tu. Kadi ya mwaliko ulipata?

LESIELI: Nilipata. Ina maandishi ya dhahabu. "Ufunguzi wa Chumba cha Kompyuta cha Sitiveni Havili, mwandishi wa programu ya kwanza shuleni hapa, mwaka 1985." Nimeisoma mara tatu.

SITIVENI: [anacheka] Wamezidisha chumvi kidogo.

LESIELI: Kidogo. Na juzi nilikusikia redioni.

SITIVENI: Ulisikia? Niliongeaje?

LESIELI: Vizuri mno. Mtangazaji alipokuuliza ulianzaje kupenda kompyuta, karibu nilie. Hebu nirudishie kile kisa.

SITIVENI: Ah, dada, dereva ananisikiliza hapa.

LESIELI: Na asikilize. Kisa si kizuri?

SITIVENI: Basi... nilisema kwamba shule ilikuwa na kompyuta moja tu, ya Bwana Colley, yule mwalimu wa kujitolea kutoka New Zealand. Kibodi imechomekwa kwenye televisheni ya zamani. Nikasema siku moja nilikuwa nachungulia dirishani, katikati ya vile vipande vya vioo vilivyopangwa kwa nafasi, nikamwona Bwana Colley anaandika mistari miwili tu, akabonyeza, na skrini nzima ikajaa jina lake. Likashuka, likashuka, halikomi. Nikasema moyo wangu ul—

LESIELI: Ulikuwa unachungulia dirishani.

SITIVENI: Ndiyo... ndivyo nilivyosema.

LESIELI: Kutoka nje.

SITIVENI: Eh... nje, ndiyo.

LESIELI: Nje ulifuata nini, Sitiveni? Kiti si kilikuwa chako?

SITIVENI: Haloo? Mtandao hapa—

LESIELI: Mtandao mzima kabisa. Nakusikia unavyopumua.

SITIVENI: Lesieli, ni maneno ya redio tu. Mtu unaulizwa, unajibu chochote kinachokuja mdomoni.

LESIELI: Kilichokuja mdomoni mwako ni changu. Mimi ndiye niliyesimama nje ya lile dirisha, juu ya ndoo, mihula minne. Na mambo ya moyo nilikuambia mimi mwenyewe, tukitoka kanisani, nikakwambia nimeona kitu kinachotii mtu bila kumuuliza wewe ni mtoto wa nani. Umesema hivyo hivyo redioni, neno kwa neno! Programu uliniibia zamani, nikanyamaza. Sasa umerudi kuniibia hata siku niliyoipenda?

SITIVENI: Punguza sauti, dada. Kaka na dada hawaongei hivi.

LESIELI: Ndiyo maana nimepiga simu. Tungekuwa ana kwa ana ningekuwa na adabu.

SITIVENI: Kwani mimi nilikukataza kuingia? Desturi ya kwetu visiwani unaijua. Kaka na dada wakae chumba kimoja mbele ya televisheni moja, wapi na wapi?

LESIELI: Desturi inasema dada akiingia, kaka anatoka. Anayetoka ni wewe!

SITIVENI: Basi ungeingia.

LESIELI: Ningeingia nikutoe mbele ya wenzako? Mama alinikanya, usimwaibishe kaka yako. Na wewe ulijua nimekanywa. Jina langu lilikuwa la kwanza kwenye ile karatasi ya Bwana Colley ya kujiandikisha kompyuta. Wiki ya pili, ghafla na wewe unataka kompyuta. Wewe, ambaye hesabu ulikuwa unanakili kwangu. Kila saa nane unakimbia mbio, unawahi kiti, nikifika nakuta mgongo wako.

SITIVENI: Nilikuwa mtoto.

LESIELI: Ulikuwa na miaka kumi na sita, ndevu zimeanza.

SITIVENI: [Anashusha pumzi.] Lakini nilikusaidia. Kuwa mkweli. Daftari ulikuwa unalipenyeza kwenye vioo, na mimi ndiye niliyekuwa naandika kwenye mashine, herufi moja moja, mikono inaniuma. Ikigoma, nakusomea kosa kwa sauti, unarekebisha huko nje. Bila mikono yangu programu yako ingebaki karatasi.

LESIELI: Hilo nakubali.

SITIVENI: Umeona?

LESIELI: Mikono ilikuwa yako. Basi waandike mlangoni, "Chumba cha Mikono ya Sitiveni".

SITIVENI: Usinitanie.

LESIELI: Sikutanii. Programu ile ilikuwa ya nini?

SITIVENI: Mbona unanifanyia mtihani?

LESIELI: Leo utaulizwa na watu wazima. Ilikuwa ya nini?

SITIVENI: Ya kugawa mikeka na vyakula msibani. Baada ya mazishi ya babu, wajomba walipogombana.

LESIELI: Safi. Mstari wa arobaini ulikuwa unatoa mikeka miwili kabla ya kugawa. Kwa nini?

SITIVENI: Ni... mambo ya kiufundi.

LESIELI: [anacheka] Mambo ya kiufundi! Mikeka miwili mizuri kuliko yote ni ya shangazi, haigawanywi, Sitiveni! Kila mzee hapa anajua. Umekaa na programu hiyo miaka yote, umepata skolashipu kwayo, na hujui kwamba inaanza kwa kumheshimu mwanamke.

SITIVENI: Sawa. Sawa, nimekosa. Unafurahi?

LESIELI: Bado. Na kaseti je?

SITIVENI: Kaseti gani?

LESIELI: Usijifanye. Programu tulikuwa tunaihifadhi kwenye kaseti. Siku kaseti za Bwana Colley zilipokwisha, ulichukua nini nyumbani?

SITIVENI: Aa... ile ya kwaya.

LESIELI: Ya kwaya! Wimbo wa mashindano, mazoezi ya miezi miwili. Ukarekodi programu juu yake. Jumapili mzee wa kanisa anabonyeza, watu wote wamesimama kwa heshima, spika inapiga kelele kriiii-kraaa-kriiii! Bibi Ana akaanguka chini akasema shetani ameingia.

SITIVENI: [anacheka bila kutaka] Mungu wangu. Bibi Ana.

LESIELI: Cheka tu. Viboko alikula nani?

SITIVENI: Wewe.

LESIELI: Mama aliuliza, hii programu ya nani? Wewe ukasema, ya Lesieli. Haraka haraka, wala hukukwama. Nikapigwa hadi ufagio ukakatika. Miezi mitatu baadaye anakuja mgeni wa skolashipu kutoka Wellington, anauliza swali lile lile, hii programu ya nani? Ukajibuje?

SITIVENI: Lesieli...

LESIELI: Nilikuwa nje, juu ya ndoo. Nilisikia. "Yangu, bwana." Siku ya viboko programu ni yangu, siku ya zawadi ni yako!

SITIVENI: Nilidhani utasema kitu.

LESIELI: Ningesemea wapi, kwenye vioo?

[Mtandao unakwaruza.]

SITIVENI: ...sikii vizuri, tumeingia Vaini. Sikiliza. Ningekataa, ule ufadhili ungeenda shule nyingine. Wasichana hawakuwa wanapewa—

LESIELI: Uliuliza?

SITIVENI: Sikuuliza.

LESIELI: Ukapanda ndege. Mimi nikauza mihogo soko la Talamahu miaka kumi na moja. Wateja wakikosekana, nageuza boksi la kadibodi naandika programu kwa kalamu ya mkaa. Sina mashine. Naandika, naikagua kichwani, nafuta, narudia. Wauzaji wenzangu wakasema nimerogwa. Unajua mashine yangu ya kwanza niliigusa nina miaka mingapi?

SITIVENI: Sijui.

LESIELI: Thelathini na tisa. Ofisi ya forodha, nilikuwa nafagia. Karani ameshindwa kuifungua, nikaweka ufagio pembeni. Ndiyo mara yangu ya kwanza kubonyeza herufi. Nililia, nimwambie nini yule karani? Nikasema vumbi.

SITIVENI: Hukuwahi kuniambia.

LESIELI: Ulipiga simu ukauliza?

SITIVENI: Basi niambie unataka nini. Nikutaje kwenye hotuba? Nitakutaja. Naongeza mstari sasa hivi, nina kalamu. "Namshukuru dada yangu Lesieli aliyenitia moyo..."

LESIELI: Aliyekutia moyo! Funika hiyo kalamu.

SITIVENI: Basi "aliyenisaidia". Sikiliza, tutakata utepe, nitasema maneno mawili, kisha jioni kwa Mama tutaongea vizuri, kama ndugu.

LESIELI: Utepe umeshakatwa.

SITIVENI: Nini?

LESIELI: Nimefika mapema. Nikamwambia mwalimu mkuu, kwa desturi, dada wa mgeni ndiye anayetangulia. Akasema naam, naam, mama, hilo halina ubishi. Mkasi akanipa kwa mikono miwili.

SITIVENI: Wewe uko wapi sasa hivi?

LESIELI: Ndani. Nimekaa kwenye kile kiti cha mbele kabisa, mbele ya skrini kubwa waliyokuandalia. Kiti cha kuzunguka. Kinabembea vizuri.

SITIVENI: Lesieli, usifanye hivyo.

LESIELI: Nimeshafanya. Mama yuko hapa kulia kwangu, kiunoni amevaa mkeka wake ule mkubwa wa heshima. Mchungaji yuko nyuma. Wazee wote wamekaa.

SITIVENI: Mimi ndiye mgeni rasmi!

LESIELI: Basi ingia. Nani amekukataza?

SITIVENI: Unajua kabisa siwezi— mambo hayo ni ya kizamani, Auckland tumeyaacha, tunakaa sebule moja tunatazama raga—

LESIELI: Vizuri. Uje uwaambie wazee hivyo. Mama atakutazama.

SITIVENI: [kwa dereva] Simama kidogo. Hapana, hapana, endelea. Endelea tu. [kwenye simu] Umefika mbali sana.

LESIELI: Gari jeupe? Nakuona. Mmeingia getini. Suti nzuri.

SITIVENI: Dada, nakuomba. Inuka kwa dakika tano tu. Nitoe hotuba, nitoke, urudi kukaa.

LESIELI: Salio langu linalia, fanya haraka. Shuka kwenye gari.

[Mlango wa gari. Matarumbeta ya shule. Makofi.]

SITIVENI: [kwa sauti ya chini] Wananipungia. Mwalimu mkuu anakuja. Lesieli, ninatembea. Naingia, eh? Naingia kweli.

LESIELI: Karibu.

SITIVENI: Naingia.

LESIELI: Nimesema karibu.

[Matarumbeta yananyamaza.]

LESIELI: Mbona umesimama kizingitini?

SITIVENI: Unajua kwa nini.

LESIELI: Mwalimu mkuu anasubiri useme mwenyewe. Mwambie.

SITIVENI: [anakohoa] ...Dada yangu yumo ndani.

LESIELI: Naona wazee wanaitikia kwa vichwa, wamekusifu. Mtoto mwenye adabu. Sasa jibu lile swali la yule bwana wa Wellington. Hii programu ya nani?

SITIVENI: Usinifanyie hivi mbele ya Mama.

LESIELI: Ya nani?

SITIVENI: Yako.

LESIELI: Sijasikia, mtandao.

SITIVENI: Yako! Ni ya Lesieli! Aliiandika Lesieli, yote, akiwa nje!

[Mtu anaangusha kiti ndani ya chumba.]

SITIVENI: [anahema] Wamegeuka wote. Mama... Mama ameweka mkono mdomoni. Umeridhika? Nimesema.

LESIELI: Umesema.

SITIVENI: Nimesema mbele ya watu wote. Basi inuka sasa, dada. Niingie.

LESIELI: Hapana.

SITIVENI: Hapana?

LESIELI: Jina lako lipo hapo hapo mlangoni, simama nalo. Salio limeisha, kwaheri, kaka. Mimi nawasha mash—

[Simu inakatika.]