Tangi Jekundu la Radoje Pantelić

Tunayemzika leo, Alhamisi tarehe 16 Januari 2025, ni Radoje Pantelić, fundi wa boila wa Lipovac. Haya yameandikwa na binti yake wa pekee, Dušica, na ndiye anayeyasoma. Mama yake alimwomba aandike mazuri tu. Dušica ameandika ya kweli, na atakayekereka, lango la makaburi liko wazi.

Radoje alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 hapa hapa Lipovac, mtoto wa kwanza wa mzee Živan na Mama Kosara. Miaka minne baadaye akazaliwa mdogo wake, Momir, mtoto wa kuuguaugua, miguu baridi wakati wote. Walilala kitanda kimoja. Majira ya baridi Radoje alikuwa akitoa tofali la moto kwenye tanuri, analifunga kwa kitambaa, analisukuma miguuni mwa mdogo wake. Siku moja kitambaa kikaungua na shuka ikatoboka. Aliyechapwa ni Radoje. Momir alikaa kimya ndani ya blanketi, akiota joto lake. Wanaomjua hawatashangaa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha shule ya ufundi mjini Valjevo, akahitimu mwaka 1969. Jeshini alipelekwa Maribor, akakabidhiwa boila la kambi, na maisha yake yote alijisifu kwamba alilitumikia taifa kwa sepetu. Aliporudi aliajiriwa kwenye chumba cha boila cha kiwanda kimoja huko Valjevo, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 2011. Jumapili alizunguka nyumba zenu. Wengi mliosimama hapa mnaota joto la mikono yake, na baadhi yenu mlimshukuru kwa kikombe cha kahawa iliyopoa.

Tarehe 16 Oktoba 1976 alimwoa Desanka, wakaingia kwenye nyumba ya mzee Živan, iliyojengwa kama kina baba wa kwetu wanavyojenga: ghorofa ya chini ya mwana mkubwa, ya juu ya mwana mdogo, ngazi ya nje, paa moja. Radoje akafunga boila moja la makaa chini ya nyumba, na rejeta za ukutani za kupasha vyumba joto kwenye ghorofa zote mbili. Maji yakipata moto huvimba, na lazima yapate pa kwenda. Kwa hiyo aliweka tangi la kutanukia juu kabisa, darini, likiwa na bomba dogo la kumwaga maji ya ziada nje. Bomba la kupandisha maji hadi kwenye tangi hilo lilipita kwenye korido ya Momir. Kwa zaidi ya miaka ishirini halikumkera mtu.

Tarehe 19 Desemba 2001 ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, Nikola, na zamu ya kukaribisha wageni ilikuwa ya ghorofa ya juu. Radoje alikuwa amemwambia mdogo wake, tena si mara moja, "Momir, dirisha la darini lifunge, baridi inakuja, lile bomba la kumwagia litaganda." Lakini Momir alikuwa ametundika mapaja ya nguruwe darini yakauke kwa ajili ya Krismasi, na nyama inataka upepo. Dirisha likabaki wazi. Bomba likaganda. Maji ya ziada yalipokosa njia ya kutokea, yakafurika tangi, yakapita kwenye dari na kushuka mekundu kwa kutu juu ya mkate wa mtakatifu, mbele ya padri aliyekuwa ameinua kisu kuukata.

Mtu mwingine angeona haya, akafunga dirisha. Momir alisimama, akamwelekezea kidole kaka yake wa damu mbele ya wageni wote, samaki wakiwa bado mezani.

"Fundi gani wewe? Boila la kiwanda kizima unaliweza, la kwetu unatunyeshea mvua ya kutu! Umeniaibisha mbele ya padri!"

"Dirisha, Momir," Radoje alisema. "Nilikwambia dirisha."

"Usinifundishe kwangu! Na huko darini usikanyage tena."

Akapiga kufuli mlango wa dari. Hilo lingevumilika. Ila mwezi uliofuata, bila kumwuliza mtu, aliweka koki kwenye lile bomba linalopita koridoni kwake, akaifunga kabisa, ili maji ya kaka yake yasipite tena juu ya kichwa chake. Wenye kuelewa mambo ya boila nawaona wanashika vichwa. Kuwasha makaa chini ya maji yasiyo na pa kwenda ni kujiwekea bomu chini ya kitanda.

Radoje alikuwa uani akipasua kuni aliposikia boila linagonga. Hakuita mtu. Alishuka mbio na kuanza kuchota makaa yenye moto kwa sepetu, akiyatupa nje kwenye theluji, na kaa lililoangukia mkono wake wa kushoto hakulisikia mpaka alipomaliza. Juu yake, jikoni, alikuwepo mkewe. Juu ya mkewe alikuwepo mjukuu wa Momir, ananyonya. Kisha akapanda ngazi ya nje, mkono umefungwa taulo.

"Umefunga nini?"

"Nimefunga maji yako. Kwangu hayapiti."

"Ungetuua sote, Momir. Na huyo mtoto."

"Maneno yako hayo. Toka mlangoni pangu."

Akatoka. Kesho yake alipanda basi la kwenda Valjevo, akarudi na tangi jekundu, ukubwa wa ndoo, lililofungwa pande zote na lenye mpira ndani. Tangi la namna hiyo halihitaji dari. Upande mmoja wa mpira huingia maji, upande mwingine kuna hewa. Maji yakivimba, hewa inajibana kuyapa nafasi. Aliliunga chini, kwenye bomba la maji yanayorudi katika boila, na katikati hakuweka koki ya aina yoyote. Akaongeza saa ya presha na valvu ya kufyatua maji presha ikizidi. Hewa aliipima, akaijaza kwa pampu ya baiskeli. Bomba la zamani la kwenda darini akaliziba. Alifanya yote hayo kwa mkono mmoja na nusu, Desanka amemshikia tochi.

"Sasa kata na bomba la rejeta zao," Desanka akamwambia. "Wagande huko juu."

"Sikati."

"Radoje! Mtu alitaka kutuua, na wewe unampelekea joto?"

"Baba alijenga nyumba moja, Desanka. Shika tochi vizuri."

Tangu siku hiyo ndugu hao hawakusalimiana. Msiofahamu mnaweza kudhani hawakuwasiliana. La hasha! Walio juu wakisikia baridi, Momir alikuwa akichukua kijiko na kugonga rejeta, na sauti ilishuka na mabomba mpaka chini. "Haya, bwana mkubwa anagonga," Radoje alikuwa akisema, anaacha supu yake na kwenda kuongeza makaa. Miaka ishirini na mitatu! Hakuna siku kijiko kile kilishuka na asante. Desanka alichukia kila mlio wa kijiko hicho, na Dušica alichukia pamoja naye, na wala haoni sababu ya kuficha hilo hapa kaburini.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Daktari alimkataza vumbi la makaa, naye akaitikia, kisha akashuka kuwasha boila. Mwezi wa Novemba uliopita alilazwa Valjevo na hakurudi tena akiwa hai; moto wa boila ukabaki kwa Desanka. Kila Dušica alipokwenda kumwona, swali lilikuwa moja: saa ya presha inasoma ngapi? Mara ya mwisho alimshika mkono na kusema, "Mama yako atataka kukata bomba la juu. Usimruhusu. Momir anasikia sana baridi, tangu mdogo."

Dušica aliondoka bila kuahidi. Alikuwa na hasira, na alitaka sana likatwe.

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 14. Kama ilivyo kwetu, nyumba inayosubiri maiti haikai na moto. Desanka akaacha boila lizimike, akafungua madirisha ya sebule. Kufikia mchana rejeta zilikuwa zimepoa. Na juu, kijiko kikaanza. Ka! ka! ka! Desanka alikuwa ananyoosha shati la maziko. Alitazama dari, akaweka pasi chini, akakaa sakafuni.

Dušica alipanda zile ngazi mbilimbili. Momir alifungua mlango kijiko kikiwa mkononi.

"Baba mdogo, acha kugonga. Aliyekuwa anakujibu amefariki leo alfajiri."

Aliangalia kile kijiko, kisha akafunga mlango. Tangu hapo hajagonga.

Marehemu ameacha mjane, Desanka, binti, Dušica, mjukuu mmoja, Ognjen, na mdogo wake, Momir, yule aliyesimama peke yake kwenye uzio, ambaye Mama hakutaka jina lake lisomwe. Fundi ambaye Mama alimwita aje Jumatatu kukata bomba la juu, Dušica amemwambia asije. Bomba litabaki. Momir asidhani amesamehewa; aliyekuwa na haki ya kusamehe yumo humu sandukuni, na yeye hakuwahi hata kuhesabu kosa. Lakini Mama hataongeza makaa kwa ajili ya kijiko, wala Dušica. Sepetu imetundikwa ukutani, kulia kwa lile tangi jekundu. Mlango wa chumba cha boila haujafungwa, baba mdogo. Miaka yote hiyo haukuwahi kufungwa. Ukisikia baridi leo jioni, shuka uwashe, sote tuote.

Udongo wa Lipovac usimwelemee Radoje. Alale palipo na joto.